Kazi Nilizokataa Kumaliza Katika Nyumba ya Kikohozi

Waliokuwako ni hawa, niwataje wote kabla hasira haijanichanganya. Bauma, bwana yangu, mtu wa Ngungu, aliyefanya kazi ya pareto kwa mzungu na baadaye kwa yule aliyekalia kiti cha mzungu. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Bauma, hata wanawake waliomzidi umri. Faida, dada ya Bauma, wifi yangu, mwenye kucheka huku mkono unachukua. Damiano, mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa anatafuta kuoa. Mama Paulina, mke wa katekista, ambaye hakuwa ndugu ya mtu pale lakini alikuwa na kijiko katika kila chungu. Papa Alfonsi, munganga wa wagonjwa wa kifua, mtu wa Sake. Rozalia, mke wa mvuvi wa Bweremana, ambaye kitanda chake kiligusana na changu. Riziki, mtoto wangu wa kwanza. Na mimi, Bernadeta, binti wa Walikale, mtoto wa msitu niliyeolewa mlimani, mbali na kila mtu aliyenizaa.

Naandika kwa sababu kuna msichana wa parokia yetu ambaye ameambiwa juzi kwamba ana kifua. Mama yake alikuja kwangu akauliza, "Nyanya, ulifanya namna gani ukapona?" Nikamwambia nilipona kwa sindano na kwa ubishi. Akacheka. Mimi sikucheka. Masomo yangu ni yale madogo ya masista, na mkono wangu unakwenda polepole, lakini majina yote ningali nayo, na mambo waliyonifanyia wenye majina hayo ningali nayo pia.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Maharagi yalikuwa yamekauka shambani, tunayang'oa na kuyapiga kwa fimbo uwanjani. Nilidhani ni vumbi la maganda linalonikohoza. Riziki alikuwa mgongoni, ameanza tu kukaa bila kushikwa. Nikakohoa, nikapangusa mdomo kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga, nikaona damu. Nikaificha ile ncha kiunoni, lakini Mama Bauma alikuwa ananitazama. Alikuja akafungua kitambaa changu cha mgongo, akamtoa Riziki, akamfunga mgongoni kwake. Maziwa yangu yalimwagika mpaka jioni, nguo yote ikalowa. Hakunirudishia mtoto hata anyonye mara ya kuagana.

Najua leo kwamba mtoto alipaswa kuondolewa. Papa Alfonsi alinieleza, nikaelewa. Lakini kuna kumwondoa mtoto, na kuna kunyang'anya. Mimi nilinyang'anywa, na sitaliita kwa jina lingine kwa sababu tu wote wamekwisha kufa.

Walinibeba kwa kipoyi, kile kitanda cha mianzi kinachokaa mabegani mwa wanaume, tukashuka na kupanda mpaka lopitali ya misioni. Pale barazani kulikuwa na benchi refu, na sisi wa kifua tulikuwa na mwisho wetu wa benchi. Hakuna aliyeandika kwamba ni wetu. Ulijua tu, kwa namna watu walivyovuta magoti yao ulipopita. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Mwanamke mmoja aliyekuja na mtoto wa surua alifunika mdomo wa mtoto wake kwa kiganja kila nilipopumua. Sikumlaumu. Lakini sikumsahau.

Papa Alfonsi alinitazama, akatazama makohozi yangu, akasema, "Mama, weye utakaa. Sindano kwanza, kila siku, mpaka uichukie sura yangu. Kisha vidonge. Maharagi yatapandwa, yatavunwa, yatapandwa tena, na utakuwa ungali hapa."

"Na mutoto yangu?"

"Mutoto atakungojea."

"Mutoto hajui kungoja, Papa. Hajui hata jina langu."

Akaanza kuchemsha sindano yake.

Nyumba ya kikohozi ilikuwa peke yake, juu ya nyingine zote, ukungu unaingia dirishani asubuhi na kutoka unapotaka. Sindano nilipigwa leo upande huu, kesho upande ule, mpaka nikawa sina upande wa kukalia. Baada ya muda sikio la kushoto likaanza kulia kama panzi. Nilipoamka ghafla nyumba ilizunguka. Matiti yakakauka yakalala kifuani kama mifuko mitupu. Mikono ikawa vijiti, na pete ya ndoa ikaniteleza kidoleni ndani ya sufuria ya uji. Nilimwambia Rozalia, akasema, "Uinywe tu, dada, pengine njo chuma unayokosa." Tulicheka mpaka tukakohoa, tukakohoa mpaka Papa Alfonsi akaja kutugombeza.

Vidonge vilikuwa vikubwa, na katika tumbo tupu havikukaa. Hapa nisikilize vizuri, weye unayesoma kwa sababu umeambiwa una kifua. Lopitali ilitoa dawa. Chakula kililetwa na ndugu. Mwenye ndugu wengi alikula, mwenye ndugu wachache aliomba, na asiye na mtu alitapika dawa yake. Mama aliyekuwa kitanda cha mlangoni, Agneta wa Walikale kama mimi, hakuwa na mtu. Alikuwa anatapika kila asubuhi kwa adabu, kwenye kibakuli, akiomba radhi. Alikufa kabla mvua haijaanza. Papa Alfonsi alisema ni kifua. Mimi nasema ni njaa iliyovaa koti la kifua.

Watu wangu mimi walikuwa Walikale, siku nyingi za njia ya msitu, na zamani zile njia ilikuwa na askari leo na majambazi kesho. Kwa hiyo chakula changu kilikuwa mikononi mwa watu wa Bauma. Mwanzoni walikuja kila Jumapili. Faida alileta bugali iliyofungwa kwa majani ya ndizi, Bauma alileta maneno machache. Kisha Jumapili moja hakuja mtu. Kisha ikapita nyingine.

Sasa, kufuma nilijifunza kwa masista, katika fuaye, nyumba yao ya kufundishia wanawake, kabla ya ndoa. Triko, zile sweta za baridi, nilifuma kwa waya za gurudumu la baisikeli zilizochongwa ncha, na kwa kroshe, ile sindano yenye ndoano, nilitengeneza vitambaa vya meza na vya vitanda. Nilikuwa na leni kidogo ya bluu, nyuzi za sufu, nikaanza kofia ya Riziki. Faida alipokuja tena aliona ile kofia mikononi mwangu, na macho yake yakafunguka.

"Wifi, kumbe unaweza kufanya kazi?"

"Mikono haikohoi," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata alileta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na mfuko wa leni nyekundu. "Unifumie triko, wifi. Si unakaa tu bure siku yote?"

Unakaa tu bure. Nimezeeka na bado maneno hayo yananipandisha damu. Mtu anayepigania pumzi anaitwa mwenye kukaa bure.

Lakini nilikula ile sombe, na dawa ikakaa tumboni. Habari ikafika Ngungu kwamba Bernadeta anafuma. Mama Paulina akaja na nyuzi nyeupe, anataka kitambaa cha altare kabla ya Noeli, na kikapu cha viazi juu yake. Nilifuma kile kitambaa kwa moyo wote. Nilidhani Mungu anatazama. Nilikimaliza mapema, nikakikunja vizuri, Mama Paulina akakibusu, akasema Bikira atanilipa. Basi nadhani alimwachia Bikira deni lote, kwa sababu yeye sikumwona tena. Viazi vikaisha. Noeli ilipofika tulisikia kengele kutoka mbali, nikafikiri, pale padri ameweka kikombe juu ya kazi ya mikono yangu, na mimi nimekunywa maji ya moto.

Rozalia alikuwa amelala anatazama dari. Akasema, "Dada, weye ni mujinga, lakini nakupenda."

"Nimefanya nini?"

"Umemaliza. Kwetu Bweremana mwenye kushona nyavu hamalizi zote siku moja. Wavu ukiisha, mvuvi anaingia ziwani, na samaki analeta kwa bibi yake. Wavu ukiwa na tundu, mvuvi iko mulangoni kwako kila siku, anakuamkia, anakuletea ya kukaanga, anauliza watoto wako wanalala namna gani."

Sikulala usingizi wa mchana siku hiyo. Nilikuwa nafikiri.

Tangu hapo sikumaliza kitu. Nilikuwa na triko nyekundu ya Faida, imefika kwapani. Nilikuwa na soksi za mzee mmoja wa pareto, moja imekwisha na nyingine imeanza kisigino. Nilikuwa na shali ya mama wa dukani wa Sake, kofia mbili za mapacha, triko ya kijani ya Bauma, na nguo ya ubatizo ya mtoto ambaye, kwa jinsi nilivyoendelea, angebatizwa akiwa na ndevu. Zote zilikuwa katika kikapu chini ya kitanda, kila moja na vijiti vyake, na vijiti vilipokosekana nilitia vitanzi katika uzi wa mgomba visikimbie. Jumamosi nilijiuliza kesho atakuja nani, nikatoa kazi yake, nikaongeza mistari kidogo, ili aione imekua. Asiongezewe sana. Kama nilijisahau nikaenda mbele mno, nilifumua. Rozalia alikuwa mlinzi wangu. "Dada, mukono wa triko ya Faida unakaribia kuisha, rudi nyuma."

Na walikuja. Walileta maharagi, walileta ndizi, walileta hata mayai. Waliuliza, "Njo imefika wapi?" Nikawaonyesha. "Bado kidogo." Nilikula, na kilichobaki nilimgawia Rozalia na wale wa vitanda vya mlangoni. Hakuna aliyetapika dawa upande wetu tena msimu ule. Sioni haya. Kama walitaka kumpenda mgonjwa bila kazi mkononi, hakuna aliyewazuia.

Lakini usifikiri ilikuwa mchezo. Kichwa kilikuwa kinazunguka kwa sindano, vitanzi vinakimbia, rangi zinachanganyika machoni. Nilianza mstari wa shali nikaumalizia kwa hesabu ya soksi. Vidole vilivimba. Nyakati nyingine nilitaka kutupa kikapu chote motoni, nyuzi za watu wote, matumbo ya watu wote. Na kofia ya Riziki, ile ya bluu, ile iliyokuwa yangu, haikupata zamu. Sikuwa na siku ya mtu asiyenilisha.

Kazi moja niliimaliza kwa huruma. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, Bauma akaja amelowa, akasimama penye mlango anatazama vidole vya miguu yake kama kawaida. Alikuwa anatetemeka. Nikaifunga triko yake ya kijani siku ileile, nikampa. Akasema, "Asante, Mama Riziki." Akaondoka. Nilijua nimejifungia mlango, lakini alikuwa bwana yangu.

Jumapili Faida akaingia ameshika kitu kijani kwa vidole viwili.

"Wifi, hii ni triko ya mwanaume ao ya paka?"

Ilikuwa imerudi ndogo, ngumu kama ubao, mikono imesimama yenyewe. Kumbe Mama Bauma alipoiona aliinyakua kabla mwanawe hajaivaa, akaitia katika sufuria ya maharagi, akaichemsha na majivu tangu asubuhi mpaka jioni ili kikohozi kife.

Papa Alfonsi alikuwa anapita na sinia yake. Aliitazama ile triko akacheka mpaka sinia ikalia. "Kikohozi kimekufa," akasema, "na triko imekufa nayo. Muliichemsha kama kwato ya ng'ombe? Mama huyu anatumia dawa. Muianike juani, inatosha."

"Mama alisema sumu iko katika leni," Faida akasema.

"Basi ile leni mupya katika mufuko wako unamupelekea nani?"

Faida akaficha mfuko nyuma. Alikuwa ameleta leni nyingine, siku ileile. Sikiliza hapo, mwanangu. Waliniogopa kiasi cha kuchemsha kazi ya mikono yangu, lakini hawakuniogopa kiasi cha kuacha kuniagiza kazi.

Nikamwambia Faida, "Ile ndogo, umuvalishe Riziki." Akaondoka nayo. Usiku wa mlimani una baridi, na mtoto wangu angalau angevaa kitu changu, hata kama kilipikwa na maharagi.

Maharagi ya pili yalipotoa maua, sindano zikaisha, nikabaki na vidonge. Wakati huo njo Mama Bauma alikuja mwenyewe, mara ya kwanza. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha na kitambaa puani, akaniletea kuku mzima wa kuchemsha. Kuku mzima, nikajua jambo ni kubwa. Damiano amepata mchumba, akasema. Wanataka kitambaa cha kitanda, cheupe, cha kroshe, kikubwa, kama alichoona kwa bibi ya mwalimu.

"Nitafuma," nikasema. "Riziki iko namna gani?"

"Mutoto iko muzuri. Anatembea. Ananiita mama."

"Anakuita nyanya."

"Ananiita mama. Nimufundishe kukuita nani? Hakuoni." Kisha akasema, kama mtu anayeongea habari ya mvua, "Batu ba nyumbani banasema Bauma hawezi kukaa vile. Kuna binti huko Ngungu, iko na nguvu, hana kikohozi. Mutoto anahitaji mama. Weye ukitoka, utarudi kwenu Walikale, upumzike."

Nilishika chuma cha dirisha. Kumbe walikuwa wamekwisha kunizika. Walikuwa wanangoja tu nimalize kitambaa cha kitanda.

Nikasema, "Mama, kitambaa nitafuma. Lakini ulete Riziki nimuone. Usipomuleta, Damiano atalalia majani."

"Mutoto haletwi penye kikohozi."

"Papa Alfonsi ataonyesha pa kusimama. Mulete."

Alienda na hasira, akaacha kuku. Nilimla.

Nilifuma kile kitambaa kipande kimoja, mstari juu ya mstari, nikafika nusu nikasimama. Kila Jumapili Faida aliuliza, nikasema mkono unauma. Rozalia alipona katika muda huo, akarudi Bweremana, na kila mara wachuuzi wa samaki walipopita kutoka Sake waliniletea kifurushi chake cha samaki wakavu. Yule hakuwa na uzi wowote katika kikapu changu. Namtaja hapa ili msifikiri dunia yote ni mbaya.

Kiangazi kilipokausha majani, walileta mtoto. Papa Alfonsi aliwasimamisha ng'ambo ya uwanja, nyuma ya kamba ya kuanikia mashuka, mimi nikae barazani. Riziki alikuwa na miguu. Nilimwacha ana matako tu, na sasa ana miguu, anakanyaga. Alikuwa amevaa ile triko ya kijani, imemkaa kama imepimwa. Nikamwita. Alinitazama, mwanamke mwembamba mwenye macho makubwa, akajificha katika nguo ya Mama Bauma, akalia, "Mama, Mama," na hakuwa ananiita mimi.

"Unaona?" Mama Bauma akasema.

Nilikuwa nimeshika kitambaa magotini. Akavuka uwanja, yeye aliyeogopa hata dirisha, akakivuta mikononi mwangu. "Nimemuleta. Ulisema nimulete. Sasa lete."

"Hakijaisha."

"Faida atamaliza. Kufuma si kuzaa."

Akaenda nacho, nusu kitanda cha kazi yangu, na mtoto wangu juu ya mgongo wake akitazama nyuma. Siku hiyo nilikataa uji. Papa Alfonsi akakaa penye mwisho wa kitanda, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu. Akasema, "Mama Bernadeta, ukikataa kula wamekushinda. Kunywa uji kwa hasira. Hasira nayo inasaidia kumeza." Nikanywa kwa hasira. Nimekuwa nikinywa hivyo tangu siku hiyo.

Mvua za kwanza zilipogusa vumbi aliniita, akaniambia makohozi yangu yamepimwa yakawa safi, mara moja na mara nyingine na nyingine tena. "Uende kwako. Ukumbatie mutoto yako, hakuna ubaya. Kama mutu anabisha, mwambie aje aniulize."

Alituma habari Ngungu waje kunichukua. Nilikaa barazani na kikapu changu, kwenye benchi lilelile, lakini safari hii katikati. Hakuja mtu. Nikapanda juu ya kamio, lori la kubebea pareto, na pale barabara ilipokufa nikashuka nikatembea, nikikaa juu ya mawe kila kilima.

Nilifika siku moja kabla ya arusi ya Damiano. Uwanja umejaa, wanawake wanamenya ndizi, kasiksi, ile pombe ya ndizi, inatolewa kwa vibuyu, wazee wa ukoo wamekaa kivulini mwa nyumba. Watu wakanyamaza kama wameona aliyetoka kaburini. Kisha wanawake wakaona kikapu, na wakapata sauti.

"Mama Riziki, soksi za mwanaume yangu?"

"Na nguo ya ubatizo? Mutoto anaota meno sasa."

Faida akasema, "Wifi, triko yangu nyekundu, ulileta?"

Hakuna aliyeuliza kama nimepona.

Mama Bauma alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa cheupe magotini. Faida alikuwa amejaribu kukiendeleza, na mistari yake ilikuwa inateleza upande mmoja kama shamba lililobomoka kwa mvua. Riziki alisimama nyuma ya bega lake.

"Umekuja vizuri," Mama Bauma akasema. "Keti. Umalize hii kwanza, bibi arusi analala ndani yake kesho. Maneno ya mutoto tutaongea nyuma ya arusi."

Nikaketi, nikashika ncha ya uzi. Ile mistari ya Faida haikuwa imefungwa. Nikavuta.

Uzi wa kroshe ukivutwa hauulizi swali. Mistari ya Faida ilikwenda kwanza, na wanawake walicheka kidogo, walifikiri ninasahihisha. Kisha nikafika katika yangu mwenyewe, ile mizuri, ya maua, nikaendelea kuvuta. Nikaacha kusikia kicheko.

"Unafanya nini?" Mama Bauma akasema.

"Ninangoja nyuma ya arusi."

"Acha."

"Munganga amesema niko safi. Ninyi wazee mumesikia, niko safi, mukikataa muende mukamuulize. Nauliza mbele yenu, mutoto huyu ni wa nani?" Nikavuta. Ua moja likaenda, na lingine. "Nauliza Bauma pia, kama ana mudomo." Bauma alitazama vidole vyake.

Damiano akasema kutoka kwenye kasiksi, "Mama, mujibu upesi. Mi nilitaka kufunika bibi, sasa itafunika miguu tu." Wazee wakacheka. Mama Bauma hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshika kitambaa kutoka upande ule, na mimi ninavuta kutoka upande huu, na kinapungua katikati yetu.

"Ni wako," akasema.

"Kwa nguvu, Mama. Sikio langu moja lilikufa kwa sindano."

"Mutoto ni wako. Bernadeta, mutoto ni wako, chukua, acha uzi."

Niliacha uzi. Sikumaliza kile kitambaa. Damiano na bibi yake walilalia kilichobaki, na yule binti mwenye nguvu wa Ngungu aliolewa na mtu mwingine. Bauma nilikaa naye mpaka kifo chake, kwa sababu maisha ni hivyo, lakini triko hakupata tena kwangu. Kikapu nacho nilikirudisha jinsi kilivyokuwa, kila mtu na kipande chake, vitanzi vikiwa vimefungwa kwa uzi wa mgomba. Walininung'unikia miaka mingi. Na waendelee huko waliko.

Msidhani Riziki alinirukia. Nilimchukua analia, na alilia kumtaka nyanya yake kila jioni mpaka maharagi yakatoa maua tena. Aliniita "yule". Nililala kando yake, nikamsikiliza akimwita mtu mwingine mama, na hasira hiyo sikupata munganga wake. Siku moja alianguka penye kisima akaumia goti, akapita mbele ya Mama Bauma aliyenyoosha mikono, akaja kwangu. Aliniwekea goti magotini.

Weye mwenye kifua, maliza sindano, meza vidonge hata vikikuzungusha, na mtu akikuletea chakula na uzi pamoja, kula kwanza. Kama una njaa, sema una njaa. Usikae na adabu kama Agneta wa kitanda cha mlangoni.

Basi, kama kuna mtoto wa Faida au wa Damiano au wa Mama Paulina atakayesoma, anisahihishe nilipokosea. Pengine soksi hazikuwa za yule mzee wa pareto, pengine kuku hakuwa mzima, pengine Agneta alikufa mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Pengine Mama Bauma aliimba usiku kumlaza Riziki wakati mimi sipo, na mtu alimsikia. Kama ni hivyo mniambie, nitaandika. Riziki mwenyewe hakumbuki, nimekwisha kumuuliza.